Wale vijana wawili wa mashati meupe na beji nyeusi: kwa nini wanahamishwa kila wiki 6? Na siku yao huendaje?

#1 Mpwa_wa_Mwananyamala
Habari wakuu. Wale vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni kwa jina la mtaani) wapo Dar, Nairobi, Kampala, Lubumbashi, na kote tabia ni moja: mtaa ukishamzoea mmoja, ghafla hayupo, kaja mwingine na mabegi yake. Inasemekana ni kila wiki 6. Hoja yangu: wanahamishwa ili wasizoeane na watu wa mtaa, hasa mabinti. Anayebisha aje na sababu.
Na la pili, kijana wa Afrika Mashariki akiitwa kwenda kutumikia nchi ya nje, ajiandae na nini hasa? Nataka vitu vya kushikika, mahubiri tuyaache kwanza.

#2 Karanga_Mbichi
Nimevuta kiti.

#3 Kalenda_ya_Ukuta
Mkuu #1, tuanze na marekebisho. Hawahamishwi kila wiki 6. Wiki 6 ni kipindi, kikiisha rais wa misheni (msimamizi wa wamisionari wote wa eneo kubwa) anakaa na orodha yake na kuamua nani abaki, nani aende. Wengi hukaa eneo moja vipindi viwili, vitatu, hata vinne. Mtaa unaona sura mpya mara kwa mara kwa sababu wako wawili: mwezi huu kaondoka huyu, kipindi kijacho yule.
Piga hesabu. Wa kiume anatumikia miezi 24, yaani kama vipindi 17. Wa kike miezi 18, vipindi 13. Sasa kwa nini 6 na siyo 8? Sababu ni mafunzo. Mgeni akifika anapewa mkufunzi, na mafunzo ya mwanzo uwanjani ni wiki 12. Gawa kwa mbili, unapata 6. Ndiyo maana mgeni na mkufunzi wake hukaa pamoja vipindi viwili, kisha mmoja anaondoka.

#4 Soli_ya_Tairi
#3 umeweka mkokoteni mbele ya punda. Mafunzo yalipimwa yaingie kwenye vipindi, vipindi havikutokana na mafunzo. Kinachoamua ni ndege. Wanaomaliza na wanaoanza husafiri kwa makundi. Kundi likitua, ofisi inapata wapya kadhaa na inapoteza wa zamani kadhaa siku zilezile. Kila anayeondoka anaacha mwenza peke yake, na kukaa peke yake ni marufuku. Ukimhamisha mmoja kuziba pengo, umefungua pengo jingine alikotoka. Wapya wanne tu wanaweza kuzungusha nusu ya misheni.

#5 Bibi_Harusi_wa_Tanga
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni ugomvi wa ndani. Kanuni inasema wenza wasiachane, kila mmoja awe anamwona na kumsikia mwenzake muda wote. Kinachowatenganisha ni bafu, choo na mahojiano na rais wa misheni, basi. Chumba kimoja cha kulala, vitanda viwili. Na mwenza hujachagua wewe: Mmarekani wa Utah kwa Mtonga, Mkikuyu kwa Mkongo wa Kasai. Mmoja anaacha vyombo kwenye karai, mwingine anakoroma, wa tatu anaimba bafuni saa 12 na nusu alfajiri. Ukijua mwisho ni wiki 6 unavumilia. Ukiambiwa miaka miwili na mtu yuleyule, patachimbika.

#6 Mzee_Kijiwe_No3
Naongeza nadharia ya tano: vibali. Uhamiaji wanataka kujua mgeni yuko wapi, ndiyo maana wanazungushwa.

#7 Kalenda_ya_Ukuta
#6 hapana mzee wangu. Kibali kinakwenda kwa nchi, siyo kwa mtaa. Tanzania wamisionari wanaingia kwenye kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kenya ni daraja I, la wamisionari wa taasisi zilizokubaliwa na serikali. Kumtoa Mbezi kumpeleka Arusha hakugusi kibali. Uhamisho wa kuvuka mpaka ulikuwa na maana zamani. Misheni ya Nairobi ilipoanzishwa 1991 ilihudumia na nchi jirani, kisha Uganda ikapata misheni yake 2005 na Tanzania 2020.

#8 Mzee_Kijiwe_No3
Nimepokea. Ila foleni ya uhamiaji bado naihesabu kuwa sehemu ya utume.

#9 Chumvi_ya_Uvinza
Hili la wawili wawili mbona ni la Biblia tu? Yesu aliwatuma wale Thenashara wawili wawili, Luka 10:1.

#10 Msoma_Tanbihi
#9 rekebisha. Thenashara kutumwa wawili wawili ni Marko 6:7. Luka 10:1 ni wale sabini.
Na siyo kila shirika linakubali namba hiyo. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walioanzishwa Algiers na Lavigerie mwaka 1868, kanuni yao ni jumuiya ya watu watatu, wasipungue. Msafara wao wa kwanza kuja huku uliondoka pwani mwaka 1878 kuelekea bara. Njiani mmoja wao alikufa kwa homa, na hapo ndipo unaona akili ya namba tatu: mmoja akilala na homa, wa pili anamuuguza, wa tatu anaendelea na kazi. Kwa wawili, mmoja akiugua kazi imesimama, kwa sababu mzima haruhusiwi kutoka peke yake.

#11 Bibi_Harusi_wa_Tanga
#10 na watatu wakigombana, wawili wanamsengenya mmoja. Bora wawili, angalau mnagombana uso kwa uso.

#12 Saa_Mbovu
Ratiba jamani, #1 kauliza ratiba na hakuna aliyemjibu. Ile ya kawaida:
Saa 12:30 asubuhi kuamka, sala, mazoezi nusu saa. Kuoga na kunywa uji hadi saa 2. Saa 2 hadi 3 kusoma maandiko kila mtu peke yake. Saa 3 hadi 4 wanasoma pamoja, na anayejifunza lugha anaongeza nusu saa hadi saa nzima. Saa 4 wanatoka. Chakula cha mchana kinapewa muda wa saa nzima. Jioni ndiyo kazi yenyewe, maana watu wamerudi nyumbani. Saa 3 usiku wawe ndani, wapange kesho. Saa 4:30 taa zimezimwa.
Tangu 2017 rais wa misheni anaruhusiwa kusogeza saa kulingana na nchi. Ni jambo la maana: kuna miji ambayo mwanaume haonekani nyumbani kabla ya saa 2 usiku, na kuna vijiji ambavyo saa 2 usiku watu wameshalala.
Jumatatu, kwa misheni nyingi, ni siku ya maandalizi: kufua, sokoni, kunyoa, kusafisha nyumba, kupiga simu nyumbani. Saa 12 jioni imekwisha, wanarudi kazini.

#13 Kunguru_wa_Posta
Kijana wa miaka 19 anaitwa "Mzee" kwenye beji halafu analala saa 4:30 usiku. Jina limemkaa.

#14 Karanga_Mbichi
😂😂 #13 utafungiwa.

#15 Saa_Mbovu
#13 anaweza hata kuwa na 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa: wavulana kutoka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Wasichana waliongezeka sana baada ya hapo.

#16 Dobi_wa_Ilala
Naona watu wamebaki kwenye nadharia. Mimi naingia kwenye kola.
Adui namba moja wa kijana wa shati jeupe ni ule umanjano wa shingoni na kwapani. Ni jasho na mafuta ya mwili, na kwapani huchangiwa na dawa za kuzuia jasho zenye alumini. Kosa la wengi ni kumwaga jiki. Klorini kwenye doa la jasho huzidisha umanjano na kulegeza uzi, kola inachanika ndani ya miezi michache. Fanya hivi: loweka shati kwenye maji ya BARIDI (ya moto yanapika doa likashika), paka sabuni ya mche kwenye kola na mikono, acha dakika 20, sugua kwa brashi laini kwa kufuata uzi, suuza mara mbili. Bluu ya nguo unatia kwenye maji ya mwisho tu, kidogo sana, na uikoroge ikayeyuka kabla hujaingiza nguo. Ukiimwagia juu ya shati utatoka na ramani.
Mashati matano hadi saba yanatosha. Chagua mchanganyiko wa pamba na polista. Pamba tupu ni safi kwa joto ila inataka pasi kila siku, na umeme haukuulizi una miadi saa ngapi. Polista tupu inanuka kufikia mchana. Na siyo lazima yote yawe meupe: tangu 2020 shati la bluu lisilo na nakshi linaruhusiwa, na baadhi ya maeneo wamesamehewa tai. Dada wa misheni wameruhusiwa suruali tangu mwisho wa 2018.

#17 Nyuki_wa_Kibondo
#16 umesahau inzi wa maembe! Kwa anayekwenda Kongo, Uganda, hata sehemu nyingi za Tanzania: yule inzi anataga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani. Ukivaa, kiluwiluwi kinaingia kwenye ngozi, linatokea jipu lenye tundu katikati. Dawa ni pasi ya moto pande zote mbili, na mishono usiipite haraka: ukanda wa suruali, mishono ya kwapa, soksi, chupi, taulo. Watu hupiga pasi shati kwa sababu linaonekana, wakaacha chupi. Kama umeme hakuna, anika ndani penye wavu madirishani, au nguo ikae wiki mbili kabla ya kuvaliwa.
Likishatokea usikamue mapema, kinapasukia ndani. Paka vaselini juu ya tundu, kikose hewa, kitajisogeza juu, ndipo utoe taratibu.

#18 Karanga_Mbichi
Nimeziba karanga zangu.

#19 Soli_ya_Tairi
Viatu ndiyo ID yangu, niruhusiwe. Kiatu cha ofisini cha soli ya gundi hakimalizi miezi sita ya kutembea kutwa: lami ya moto inalegeza gundi, matope yanamalizia. Nunua soli ya kushonwa, raba, siyo ngozi. Jozi mbili, vaa kwa zamu siku moja moja, ili jasho la ndani likauke. Vikilowa, jaza magazeti, badilisha baada ya saa chache, usiweke juani wala karibu na jiko, ngozi inapasuka. Soli ikibaki nyembamba mpelekee fundi KABLA haijatoboka. Ikishatoboka na ngozi ya ndani imekula maji, fundi atakushonea tairi juu ya kitu kilichooza.

#20 Maji_ya_Kisima
Maji. Nyumba nyingi zao zina chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya kauri. Yanayoharibika ni haya:
Mtiririko ukipungua siyo kwamba chujio limekufa, mishumaa imeziba. Itoe, isugue chini ya maji safi kwa brashi laini, bila sabuni, maana sabuni inaingia kwenye matundu na utaionja wiki nzima. Ikiwa na ufa hata wa unywele, tupa, uchafu unapita hapohapo. Usimimine maji ya moto, kauri na gundi vinapasuka. Chemsha, acha yapoe, ndipo uchuje.
Kuchemsha ni dakika moja tangu yaanze kutokota kwa nguvu, siyo robo saa ya kumaliza gesi. Juu ya mita 2,000, mfano Eldoret, fanya dakika tatu. Na msijidanganye, chujio hilo halitoi chumvi. Maji ya kisima ya Dar yenye chumvi yatatoka masafi na chumvi yake.

#21 Mpwa_wa_Mwananyamala
Asanteni #16, #17, #19 na #20. Na malaria je? Anayetoka Nairobi au nyanda za juu kwenda Accra hana kinga kama anayetoka Kigoma.

#22 Daktari_wa_Zamu
Sahihi, na hata huyo wa Kigoma kinga yake inapungua akikaa nje muda mrefu, akirudi nyumbani asijifanye chuma.
Kinga ya vidonge: doksisaiklini miligramu 100 kila siku, anza siku moja au mbili kabla ya kufika, endelea wiki NNE baada ya kuondoka. Wengi wanaacha siku ya kupanda ndege. Meza na glasi nzima ya maji na usilale mara moja, kidonge kikikwama kooni kinachoma kama pilipili. Kinaongeza ukali wa jua kwenye ngozi, kwa mtu anayetembea kutwa hilo ni la kuzingatia. Meflokwini ni mara moja kwa wiki, ila inaleta ndoto mbaya na wasiwasi, aliyewahi kuugua sonona asipewe. Uamuzi ni wa daktari aliyekuona.
Chandarua chenye dawa: kipya kitundike kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini, usiloweke kwenye jiki. Kimetengenezwa kivumilie kufuliwa kama mara 20, anayefua kila Jumatatu atakimaliza dawa ndani ya miezi mitano.
Homa ya manjano: chanja angalau siku 10 kabla ya safari, kadi huanza kuhesabika siku ya 10. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, afisa akikwambia imeisha baada ya miaka 10 mwonyeshe kwa upole.

#23 Kunguru_wa_Posta
"Kwa upole" 😂 Afisa wa mpakani na upole wapi na wapi.

#24 Binti_Likoni
Mwasahau jambo la pwani: chai. Hawa hawanywi chai ya majani wala kahawa, na huku mgeni asiponywa chai umemtukana mwenye nyumba. Kijana mwenye akili husema mapema, kabla maji hayajabandikwa, "mama, mimi naomba maji au mchaichai". Akingoja kikombe kimeshamiminwa, ameharibu. Mchaichai, tangawizi tupu, maziwa moto, uji, hizo zote ruhusa.
Na bahari vilevile. Kuogelea hawaruhusiwi muda wote wa utume. Yakhe, miaka miwili Mombasa waiangalia bahari tu!

#25 Chumvi_ya_Uvinza
Tangawizi "tupu" lakini! Chai ya tangawizi ya mgahawani ina majani ndani, watu wanajisahau.

#26 Mhasibu_Mstaafu
Fedha ndiyo inawatesa kuliko malaria. Kodi ya nyumba hulipa ofisi ya misheni moja kwa moja. Kijana anapewa posho ya mwezi kwa chakula, nauli, sabuni na vocha. Inakwisha tarehe 20. Kwa nini? Kwanza, wanagawa kwa nne wakati mwezi una siku mbili tatu za ziada, na mwezi wenye Jumatatu tano unawaua kabisa. Pili, wiki ya uhamisho hula nauli na chakula cha njiani. Tatu, chipsi kuku. Maharage kilo mbili yaliyolowekwa usiku na kuchemshwa Jumatatu, wanaume wawili wanakula siku nne, kama wana friji na umeme haujakatika.
Gawa posho kwa tano, bahasha tano. Ya tano haifunguliwi kabla ya tarehe 28. Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga milo miwili, lakini hiyo isiingizwe kwenye bajeti kama akiba, jioni yake hula mara mbili.
Nani analipa? Kwa Wamarekani familia huchangia kiwango kimoja popote mtoto alipopelekwa, dola 400 kwa mwezi, ikapanda 500 Julai 2020. Nchi zetu kijana huchangia kwa uwezo wake, pengo linazibwa na tawi lake na mfuko wa jumla.

#27 Mzee_Kijiwe_No3
Ndiyo maana wengi wanakonda. #26 kamaliza: njaa ya tarehe 20.

#28 Daktari_wa_Zamu
#27 njaa ni mojawapo. Minyoo ni nyingine: albendazole miligramu 400 dozi moja, na ukipimwa ukakutwa na amiba hiyo haisaidii, dawa yake ni nyingine.

#29 Soli_ya_Tairi
Kutembea mmesahau? Wale wanatembea kutwa. Ukimlisha vizuri na kumpa dawa ya minyoo bado atakonda.

#30 Bibi_Harusi_wa_Tanga
Mbona wanaopelekwa Marekani wananenepa? Kila jioni wanaalikwa chakula na waumini, halafu wana gari. Huku waumini wenyewe wanahesabu unga.

#31 Kitenge_cha_Brixton
Kwa wanaokwenda Uingereza: koti zito usinunue Gikomba wala Kariakoo, nunua huko kwenye maduka ya mitumba ya hisani, ni ya baridi ya kwao. Begi zijaze soksi za sufu na viatu vya soli ya raba yenye meno, barafu ya asubuhi haina huruma na soli laini. Januari jua linazama kabla ya saa 11 jioni na watu hawafungulii wageni gizani, kwa hiyo ile jioni aliyoisifu #12 inakuwa miadi ya simu na mtandao.
Kuhusu simu: kabla ya Februari 2019 walikuwa wanaandika barua pepe kila wiki, na kupiga nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu. Sasa ni kila wiki, hata kwa video. Kuna wazazi wanasema imepunguza upweke, kuna wakufunzi wanasema Jumanne kijana yuko nchini kwa mwili tu.

#32 Mpwa_wa_Mwananyamala
Narudi kwenye hoja yangu ya mabinti, hakuna aliyeivunja.

#33 Kalenda_ya_Ukuta
Inavunjika hivi: kama hofu ingekuwa mabinti, wasingeachwa eneo moja miezi sita. Uchumba umekatazwa muda wote wa utume, na hawaingii peke yao nyumba yenye mtu mmoja wa jinsia nyingine, lazima awepo mtu mzima mwingine wa jinsia yao. Ulinzi ni kanuni hizo, siyo uhamisho.

#34 Msoma_Tanbihi
#33 na bado, rais akisikia mazoea yamezidi, kipindi hakifiki mwisho. Uhamisho wa dharura upo. #1 hajakosea kabisa.

#35 Soli_ya_Tairi
Mimi nabaki na ndege zangu.

#36 Bibi_Harusi_wa_Tanga
Na mimi na vyombo kwenye karai.

#37 Nyuki_wa_Kibondo
Swali la haraka kabla mods hawajafunga: mwenza akihamishwa, chandarua, ndoo na pasi vinabaki nyumbani au anaondoka navyo?

#38 Mhasibu_Mstaafu
#37 vya nyumba vinabaki: chujio, jiko, sufuria, pasi, vitanda. Vyake ni nguo, vitabu na shuka. Chandarua ndicho kinachogombewa, kwa sababu kipya huondoka na mwenye begi kikabaki chenye matundu. Andikeni orodha ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, anayetoka na anayeingia watie saini, na wahesabu vijiko.

#39 Kunguru_wa_Posta
Vijiko havijawahi kutimia nyumba yoyote ya mabachela duniani.